Unahama daktari? Usiache rekodi zako nyuma

Umechoka na daktari wako, unataka kuhamia mwingine. Halafu mapokezi wanakwambia faili ni mali ya hospitali, haitoki. Karatasi zenyewe, sawa, zibaki kabatini kwao. Lakini yaliyoandikwa humo yanakuhusu wewe, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kuyapata. Kanuni za 2021 zinawapa siku 7, tena bila malipo. Omba kwa maandishi, ya mdomo husahaulika (makusudi, wakati mwingine). Itisha hasa majibu ya maabara, picha za eksirei na orodha ya dawa ambazo mwili wako hukataa. Bila hizo utadungwa sindano upya, na bili ni yako. Wakikuzungusha, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data.