Gitaa la besi: la kale adimu, la bei nafuu latosha

Mji wa Busia umegawanywa na mpaka, nusu yake ikiwa Kenya na nusu Uganda, lakini muziki upigwao upande mmoja husikika upande wa pili bila kuonyesha pasi. Mwendo usio mrefu kutoka hapo, chini ya mwamba mkubwa uonekanao kwa mbali, upo mji wa Tororo. Katika miji hiyo miwili harusi haipiti bila muziki, na muziki upendwao huko, uwe benga au rumba yenye asili ya Kongo, hauendi bila besi. Gitaa la solo likikosea, wachezaji hucheka. Besi ikinyamaza, wachezaji husimama.

Hata hivyo, besi ndiyo ambayo mpiga muziki kijana aghalabu hukosa. Tangu zamani vyombo vimekuwa mali ya mwenye vyombo, ambaye huenda ni mwenye baa au chama kilichoiunda bendi. Huko Tanzania, bendi ya NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi, na vyombo havikuwa vya mwanamuziki. Aliyehama aliondoka mikono mitupu. Kwa hiyo kijana atakaye kujitegemea hana budi kununua chake, na hapo ndipo anapokutana na kishawishi cha jina la kale.

Jina hilo mara nyingi ni Fender. Leo Fender alikuwa fundi redio wa California, Marekani, ambaye mwenyewe hakujua kupiga gitaa. Mwaka 1951 alitoa besi ya umeme iitwayo Precision Bass, na mwaka 1960 akaifuatishia Jazz Bass. Si yeye aliyetangulia: Paul Tutmarc wa mji wa Seattle alikwisha kutengeneza besi ya umeme katika miaka ya 1930, na zile zilizosalia ni chache mno. Mwaka 1965 kiwanda cha Fender kilinunuliwa na kampuni ya CBS, na tangu hapo wakusanyaji wa vitu vya kale huyaona magita yaliyotangulia mwaka huo kuwa bora kuliko yaliyofuata. Bei yake sasa ni maelfu ya dola. Kwa fedha hizo mkulima wa Busia hununua ng'ombe, na fedha ikabaki.

Yafaa hapa kukumbuka kisa cha Paul McCartney wa kundi la The Beatles. Mwaka 1961, alipokuwa akipiga muziki mjini Hamburg, Ujerumani, Fender ilimshinda kwa bei. Akanunua Höfner, gitaa dogo lenye umbo la fidla, kwa takriban pauni 30. Gitaa hilo liliibwa mjini London mwaka 1972, likatafutwa miaka mingi, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba limepatikana na kurudishwa kwa mwenyewe. Besi iliyotafutwa kuliko zote duniani ilinunuliwa kwa sababu ilikuwa rahisi!

James Jamerson naye, aliyepiga besi katika sahani nyingi za kampuni ya Motown ya Detroit, alikuwa na Precision ya mwaka 1962. Iliibwa mwaka 1983, muda mfupi kabla hajafariki, na haijaonekana tena. Lakini siri ya sauti yake haikupotea nayo. Alitumia nyuzi nene zilizosawazishwa uso, hakupenda kuzibadili, na karibu na daraja la gitaa aliweka kipande cha sponji ili sauti isivume mno. Nyuzi za namna hiyo hugharimu sehemu ndogo sana ya bei ya gitaa, na sponji imo katika kila godoro kuukuu.

Basi mtu atafute nini? Yapo magita yaliyotengenezwa Japani katika miaka ya 1970 na 1980, ambayo mengi yaliiga Fender kwa uangalifu. Mwaka 1982 Fender yenyewe ilianza kutengenezesha magita huko Japani, na jina la Squier likatokea. Yamaha pia ni jina la kuaminika. Mapya ya bei ya chini hutoka China na Indonesia, nayo hayadharauliki. Mwenye vidole vifupi asione haya kutafuta gitaa fupi. Uzi wa Fender una urefu wa inchi 34, ilhali wa Höfner ni inchi 30 tu.

Anunuaye kuukuu asitazame rangi, atazame shingo. Ashike gitaa kama mwenye kulenga bunduki na kuangalia kama shingo imepinda mshazari. Iliyopinda hivyo, na aiache. Iliyojikunja kidogo kuelekea mbele huweza kunyooshwa kwa chuma kilichomo ndani yake, mradi skrubu ya chuma hicho ingali ikizunguka. Kisha abonyeze kila uzi katika kila nafasi, toka juu hadi chini, akisikiliza panapokwaruza. Mlio wa spika ukikatika kila mara waya unapotikiswa, hilo si kosa kubwa: fundi redio yeyote mwenye risasi na pasi ya kulehemu atalimaliza. Na akiambiwa kwamba chombo ni cha mwaka 1962, akumbuke kwamba jina lililobandikwa kichwani hubandikwa na yeyote. Shingo ya Fender hushikwa kwa skrubu nne, na katika miaka ile tarehe mara nyingi iliandikwa au kupigwa mhuri kwenye kisigino chake. Muuzaji anayekataa kuifungua amekwisha kujibu swali.

Kosa linalowagharimu wengi ni kumaliza akiba yote kwenye gitaa na kusahau kikuza sauti. Uzi mnene wa besi hutikisika kama mara 41 kwa sekunde. Spika ndogo ya redio haiwezi kuutoa mlio huo, nayo hupasuka upesi.

Asiye na fedha kabisa hajafungiwa mlango. Huko Zanzibar wapigaji wa kidumbak hutumia sanduku, yaani kasha la mbao lenye fimbo na uzi mmoja, na watu hucheza mpaka alfajiri. Wateso, wanaoishi pande zote mbili za mpaka huu, wana kinubi chao kiitwacho adeudeu, na kile kikubwa hushika sauti za chini barabara.

Likinunuliwa Tororo kwa ajili ya Busia ya Kenya, gitaa lipitishwe forodhani pamoja na stakabadhi. Utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kuwasaidia wafanyabiashara wadogo, kwa shehena isiyozidi dola 2,000, ni wa bidhaa zenye asili ya nchi za Jumuiya. Gitaa la Japani halimo. Tangu mwaka 2018, kituo cha Busia kilipozinduliwa rasmi, maafisa wa nchi zote mbili hukaa pamoja, na shughuli humalizika mahali pamoja. Atakayepanda bodaboda, usafiri uliopata jina lake hapa hapa mpakani kwa baiskeli za kuvusha abiria, avae gitaa mgongoni, shingo ikielekea juu, nyuzi zikiwa zimelegezwa kidogo.