Kulambana si Kupambana

Jioni moja niliwatupia sungura wangu wawili matembele. Ni dume aliyehasiwa na jike wake, na huu ni mwaka wa pili wanaishi pamoja. Jike aliacha kula, akamsogelea mwenzake, akainamisha kichwa hadi kidevu kikagusa sakafu, akatulia. Dume akaendelea kutafuna. Ghafla jike akamfinya kwa meno begani, mara moja tu. Dume alishtuka, akageuka, kisha akaanza kumlamba: kwanza paji la uso, halafu kope, halafu shina la masikio. Jirani aliyekuwa akitazama akanihimiza niwatenganishe kabla hawajauana. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, nami naupinga kwa nguvu zote.

Sungura wa kufugwa ametokana na sungura mwitu wa Ulaya, Oryctolagus cuniculus, ambaye chimbuko lake ni Hispania na Ureno. Huyo huishi kwa makundi, katika mashimo yaliyounganishwa chini ya ardhi. Kiswahili kinatuchanganya hapa, maana neno letu moja linabeba wanyama wawili. Sungura wa porini kwetu, yule mjanja wa hadithi, ni wa jamii ya Lepus. Huyo hukaa zaidi peke yake, hulala juu ya ardhi, na watoto wake huzaliwa na manyoya, macho wazi. Watoto wa sungura wa bandani huzaliwa uchi, macho yamefumba. Anayewadhani hawa wawili kuwa mmoja atamfuga sungura wake peke yake na kuona ni sawa.

Ronald Lockley, aliyewachunguza sungura mwitu huko Wales na kuandika The Private Life of the Rabbit mwaka 1964, alieleza jamii yenye ngazi, wakubwa na walio chini yao. Ngazi hizo hazipotei hata wakiwa wawili tu kwenye kona ya sebule. Ndiyo maana kile kichwa kilichoinama kinatupotosha. Sisi tunaona unyenyekevu, kumbe mara nyingi ni mkubwa anayedai kuhudumiwa: nilambe hapa, mahali ambapo ulimi wangu mwenyewe haufiki. Akicheleweshewa, anafinya. Wakati mwingine wote wawili huinamisha vichwa na hakuna anayekubali kuanza. Hapo ndipo meno hutumika upesi zaidi, hasa kwa sungura wanaoanza kuzoeana.

Kuna kufinya kwa aina nyingine, kusiko na madai yoyote. Sungura hasafishi manyoya kwa ulimi peke yake. Meno ya mbele ndiyo kitana chake, na kwayo huchambua vifundo, takataka na manyoya yanayopukutika. Meno hayo hukua maisha yake yote, takriban milimita 2 kwa wiki, na ni makali. Tena macho yake yako pembeni. Anaona karibu pande zote, lakini kilicho mbele kabisa ya pua hakioni, anakipapasa kwa midomo na sharubu. Ngozi ya mwenzake nayo ni nyembamba. Mtu aliyewahi kukaa chini, kichwa kikiwa mapajani mwa dada yake anayemsuka, anajua jinsi mkono wenye upendo unavyovuta nywele mpaka machozi yakalengalenga. Aliyefinywa hulia kidogo au husogea, kisha kazi inaendelea.

Kwa hiyo tazama kinachofuata. Wakirudi kulala ubavu kwa ubavu, waache. Wakianza kuzungukana kwa kasi, masikio yamelazwa nyuma, mikia juu, manyoya yakiruka na damu ikionekana, huo ni ugomvi wa kweli. Watenganishe kwa ubao au beseni, usiingize mkono mtupu. Ugomvi wa namna hiyo hutokea zaidi kwa sungura wasiohasiwa, hasa madume wawili waliokwisha kupevuka.

Ukiona mmoja ana vipara au sharubu zimekatwa, huenda mwenzake anamnyoa kwa meno kwa sababu ya kuchoshwa na banda dogo au kukosa nyasi kavu za kutosha. Lakini chunguza pia utitiri na ukurutu, maana vipara huletwa na magonjwa pia. Nyasi ziwepo saa zote, hasa wanapopukutisha manyoya, kwa sababu sungura hawezi kutapika na kila unywele anaoumeza lazima upite tumboni.

Na siku mmoja akiugua, wapeleke wote wawili kwa daktari wa mifugo katika kikapu kimoja. Sungura humtambua mwenzake kwa harufu, na mgonjwa aliyerudi peke yake akinuka dawa anaweza kushambuliwa kama mgeni na yule yule aliyemlamba asubuhi.