Dhahabu dhidi ya saratani: dawa hutoka maabara, si mgodini

Dhahabu ya Fizi, hasa ile ya machimbo ya Misisi, hupita barabara ya kitaifa namba 5 hadi mjini Uvira. Madini hayo hayo sasa yanachunguzwa na wanasayansi kama silaha dhidi ya saratani, ugonjwa ambao wengi huuita kansa. Lakini dhahabu ya mgodini na ile ya dawa ni vitu viwili tofauti, na kutojua tofauti hiyo kunaweza kuhatarisha maisha.

Dawa inayochunguzwa zaidi ni auranofini. Iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1985 kutibu baridi yabisi. Ndani yake dhahabu imeunganishwa na kemikali nyingine. Kidonge kimoja kina miligramu 3 za dawa, na dhahabu yake haifiki hata miligramu 1. Yaani gramu 1 ya dhahabu ingetosha vidonge zaidi ya 1000.

Seli za saratani hujikinga kwa kimeng'enya kiitwacho thioredoksini redaktesi. Dhahabu ya dawa hii hukinasa na kukizuia kufanya kazi, na seli iliyokosa kinga hufa.

Madini kuwa dawa si jambo geni. Sisiplatini, inayotengenezwa kwa platini, iliidhinishwa Marekani mwaka 1978 na hadi leo inatibu saratani kadhaa, ikiwemo ya mlango wa kizazi.

Hata hivyo, bado hakuna dawa ya dhahabu iliyoidhinishwa kutibu saratani. Auranofini imejaribiwa kwa wagonjwa wachache tu, na inaweza kuleta kuhara, vipele na madhara kwenye figo na damu.

Kumeza unga wa dhahabu hakusaidii: tumbo haliwezi kuuyeyusha. Dhahabu ya machimbo ina hatari zaidi, kwa sababu baadhi ya wachimbaji wadogo huikusanya kwa zebaki. Zebaki hiyo ikichomwa, moshi wake hudhuru mapafu, figo na mishipa ya fahamu, na mtoto aliye tumboni huathirika pia.

Kwa mkaaji wa Nyamianda mwenye uvimbe kwenye titi, kidonda kisichopona au mwanamke anayetokwa damu isiyo ya kawaida, njia ya kwanza ni kwenda hospitali mapema. Saratani nyingi hutibika vizuri zaidi zikigunduliwa zingali changa.