Jumla ni Sh0: Python ilivyotaka kunifukuzia mteja wa mahema

"Kijana, hii kompyuta yako inakodisha mahema bure?"

Swali hilo niliulizwa Alhamisi jioni kule Kayole, na mama anayekodisha viti na mahema ya harusi na matanga. Dirisha kubwa la programu niliyomtengenezea lilikuwa limepiga hesabu sawasawa: mahema 4 kwa Sh2,500, viti 200 kwa Sh12, jumla Sh12,400. Lakini akibofya kitufe cha "Lipa", kidirisha cha malipo kinafunguka na kusema mteja anadaiwa Sh0. Mteja mwenyewe alikuwa amesimama hapo hapo, anatabasamu. Tulikuwa tumeelewana Sh8,000 na mama, na nusu nilishakula.

Nikamwambia, "Nipe usiku mmoja tu, mama." Moyoni nilijua ni kazi ya dakika kumi. Wapi!

Programu yenyewe niliiandika kwa Python, madirisha nikayachora kwa Tkinter. Ukiweka Python kwa Windows, Tkinter huja nayo bila kupakua kitu kingine, na kwa sisi wa bando za Sh20 hiyo ni baraka. Nilikuwa na klasi kubwa inaitwa Duka, na ndani yake nikaweka klasi ndogo, Malipo. Nilifikiria hivi: Malipo iko ndani ya Duka, kwa hivyo inaona kila kitu cha Duka. Si mtoto akiwa ndani ya nyumba anaona sebule?

Haoni. Na hapa ndipo wengi wetu huanguka, hasa kama ulianza na Java. Chuoni, kabla niachane nacho, tulifunzwa Java kwanza, na huko klasi ya ndani ya kawaida hushikana na objekti ya nje na kusoma vitu vyake bila shida. Python haina huo undugu. Klasi ni ramani ya nyumba, objekti ni nyumba iliyojengwa kwa kufuata ramani hiyo. Kuweka ramani mbili kwenye bahasha moja hakufanyi nyumba zake ziwe na mlango wa pamoja. Malipo ikijengwa inapata self yake, Duka ina self yake, na hizo self mbili hazijawahi kusalimiana.

Kwa hivyo nilipoandika self.jumla ndani ya Malipo, Python ilitafuta jumla ya Malipo, ikakosa, ikalalamika. Shida ni kwamba sikusikia malalamiko. Kitufe cha Tkinter kikikumbana na kosa, ujumbe huandikwa kwenye lile dirisha jeusi la amri na programu inaendelea kama kawaida. Mimi nilikuwa nimelificha dirisha jeusi ili mama asiogope. Unabofya, kimya. Unabofya tena, kimya. Kama unajifunza, tafadhali usilifiche hadi siku ya kukabidhi kazi, na hata siku hiyo fikiria mara mbili.

Nilipogundua, nikaleta ujanja. Juu kabisa ya klasi Duka nikaandika jumla = 0, kisha ndani ya Malipo nikasoma Duka.jumla. Malalamiko yakaisha, nikajipiga kifua. Hiyo ndiyo iliyoniaibisha mbele ya mteja. Kila mama alipoongeza hema, dirisha kubwa liliandika self.jumla = self.jumla + bei, na hiyo hesabu ilikaa kwenye nyumba, si kwenye ramani. Ramani ilibaki na sifuri yake. Malipo ilikuwa inasoma ramani kwa uaminifu kabisa.

Saa saba usiku nikafanya kosa la tatu, ambalo nawaona wasee wengi wakilifanya: ndani ya Malipo nikaandika Duka() ili nipate jumla. Manze, dirisha jipya zima likachomoka, duka la pili, tupu, halina hata kiti kimoja. Mabano hayo hayaiti duka lililopo, yanajenga lingine. Mbaya zaidi, kila tk.Tk() huanzisha mtambo wake wa madirisha, na thamani zilizoshikwa kwenye mtambo mmoja hazionekani kwenye mwingine. Dirisha la pili hutengenezwa kwa tk.Toplevel, basi.

Dawa ilikuwa fupi hadi nikacheka peke yangu. Duka inapojenga Malipo, ijitambulishe:

self.malipo = self.Malipo(self)

Na Malipo, inapozaliwa, impokee mgeni na kumweka:

def __init__(self, duka):
    self.duka = duka

Kuanzia hapo, Malipo ikitaka hesabu inauliza self.duka.jumla. Hiyo self iliyo ndani ya mabano lazima uiandike kwa mkono wako. Kwa funksheni za kawaida za klasi Python hukupitishia yenyewe, lakini Malipo ni klasi, kwa hivyo hakuna wa kukusaidia.

Kuna mtego mmoja umebaki. Nilijaribu kwanza kupitisha namba tupu, Malipo(self.jumla), na ikafanya kazi hadi nilipoongeza viti 50 kidirisha kikiwa wazi. Namba ikabaki ile ya zamani, kwa sababu nilikuwa nimempa Malipo karatasi ya hesabu, si daftari lenyewe. Ndiyo maana mwishowe jumla niliifanya tk.IntVar. Duka inaibadilisha kwa set, maandishi ya kidirisha yameunganishwa nayo kupitia textvariable, na viti vikiongezwa namba inabadilika palepale bila mtu kugusa kitu.

Halafu, tukisema ukweli, Malipo haikuwa na sababu ya kukaa ndani ya Duka. Niliificha humo kwa sababu ilionekana nadhifu. Asubuhi niliitoa nje, zikawa klasi mbili zinazosimama kando kando, na ikabidi nibadilishe neno moja tu: self.Malipo ikawa Malipo. Mimi siku hizi siweki klasi ndani ya nyingine kwenye programu za madirisha. Wako wanaopenda, sawa, bora wakumbuke kupitisha self.

Ijumaa saa nne nilikuwa Kayole. Mama akaweka mahema 4, viti 200, akabofya "Lipa", akavaa miwani vizuri kuangalia. Sh12,400. Akaongeza viti 50, ikasoma Sh13,000 bila kufunga kidirisha. Akanyamaza kidogo, kisha akafungua M-Pesa.

"Sasa kijana wangu," akasema akiweka PIN, "hii kitu haiwezi kutoa risiti?"