Mtu Mmoja, Ndege Nyingi: Nani Anaamua?



Tukitembelea vikundi hapa Kitale na Bungoma, tunaulizwa: hizi ndege zisizo na rubani zinazopeleka damu hospitalini, nani anaziendesha? Swali hili si la mchezo. Mama anayevuja damu kule Kopsiro au Endebess, mvua imenyesha na barabara ni matope tupu, hawezi kungoja gari.

Tuanze na Rwanda. Mwaka 2016 kampuni ya Zipline ya Marekani ilianza kupeleka damu kutoka Muhanga. Ndege hurushwa kama kwa manati, huenda kama kilomita 100 kwa saa, hufikia umbali wa kilomita 80 hivi, kisha huangusha mzigo kwa mwavuli wa karatasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba huduma hiyo ilipunguza damu inayopitwa na muda hospitalini kwa asilimia 67. Baadaye kampuni iliweka kituo Chemelil, Kaunti ya Kisumu. Lakini ukipima kwa ramani, Kitale iko nje ya kilomita hizo 80. Kwa hivyo ni vizuri tujue mapema mambo ya kuuliza.

Kazi inagawanywa hivi. Kompyuta iliyo ndani ya ndege hushika njia na kuisawazisha kwenye upepo. Mambo yakiharibika, ndege hurudi yenyewe au hufungua mwavuli na kushuka. Binadamu hukaa kwa skrini akiangalia ndege nyingi pamoja. Ni kama msimamizi wa steji: haendeshi matatu hata moja, lakini anajua ipi imetoka na ipi imekwama.

Sasa, ndege zikiwa nyingi sana, macho ya mtu hayatoshi. Kuanzia 2017 hadi 2021, shirika la utafiti la jeshi la Marekani, DARPA, lilijaribu njia za kuwezesha kikosi kidogo kuongoza vyombo hadi 250. Hapo ndipo akili bandia inaingia. Mtu anaamuru kundi zima, "kagueni jengo lile," na vyombo vinagawana kazi vyenyewe. Kompyuta inamwonyesha mtu yale tu yanayohitaji uamuzi wake.

Hapo kuna faida, na kuna hatari tatu.

Kwanza, mtu aliyekubaliana na kompyuta mara mia huzoea kukubali tu bila kuangalia.

Pili, kompyuta hujua yale iliyoambiwa. Zahanati mbili zikiomba damu pamoja, yenyewe inajua umbali na uzito. Ni muuguzi anayejua mama yupi amezidiwa.

Tatu, ujuzi ule ule unaobeba damu unaweza kubeba silaha.

Kenya ina kanuni za mwaka 2020, na chombo cha namna hii hakiruki bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Ndege. Hata hivyo, kibali hakijibu kila kitu. Wakija kwa baraza, tuulize:

1. Mtu mmoja ataangalia ndege ngapi kwa wakati mmoja?
2. Muuguzi akisema "huyu kwanza," neno lake litamfikia nani?
3. Ndege ikipiga picha za boma zetu, zitawekwa wapi?
4. Ikianguka kwa mahindi ya mtu, nani atalipa?

Jadilianeni katika vikundi vyenu. Anayekuja na jambo jema hataogopa maswali haya.