Kupaza Sauti Si Kupasua Koo

Muziki wa magitaa mazito uitwao hevi metali si muziki wa kwetu, na wengi wetu tukiusikia kwa jirani hutamani afunge dirisha. Hata hivyo, msomaji mpenzi, tuuache muziki wenyewe tumtazame mwimbaji. Mwanamume mzima hupanda kwa sauti mpaka palipozoeleka wanawake, tena kwa nguvu, usiku baada ya usiku, na koo lisikatike. Hiyo ni elimu, na elimu haina mwenyewe.

Chimbuko lake ni Birmingham, mji wa viwanda vya chuma huko Uingereza. Ndiko walikotoka Black Sabbath, waliotoa santuri yao ya kwanza mwaka 1970, na Judas Priest, ambao Rob Halford alijiunga nao mwaka 1973. Magitaa yao yalivuma kama radi, na sauti ya kawaida ya mwanamume ilizama humo humo. Halford akaipandisha yake juu ya ule mvumo. Atakaye ushahidi na ausikilize wimbo wao "Painkiller" wa mwaka 1990.

Hufanyikaje? Ndani ya zoloto mna nyuzi mbili za sauti, ambazo urefu wake hauzidi sana sentimita mbili. Mwanamume akizungumza, hutikisika kiasi cha mara 100 hadi 130 kwa sekunde. Waimbaji hawa huzipeleka kupita mara 500. Mambo ni yale yale ya udi: ukikaza uzi, sauti hupanda. Lakini kukaza uzi si kuupiga kwa nguvu, na hapo ndipo vijana wengi wanapopotea. Wakiona sauti haifiki, hukaza shingo na kusukuma pumzi nyingi. Nyuzi hugongana, huvimba, na mambo yakiendelea hivyo huota vinundu. Sauti hukwaruza, na ile ya juu ndiyo hutoroka kwanza.

Walimu huanzia mbali na koo. Kwanza ni pumzi: mbavu zitanuke, mabega yatulie, kisha pumzi itolewe kidogo kidogo kwa kutamka "sss". Ronnie James Dio, Mmarekani aliyeimba na Rainbow kisha Black Sabbath, hakusomea uimbaji. Alisema kuwa pumzi aliifunzwa na tarumbeta aliyoipiga utotoni. Mpiga zumari hatalistaajabia hilo.

Pili ni kupanda ngazi. Midomo hutetemeshwa, "brrr", kama mtoto achezaye motokaa, sauti ikitoka chini kwenda juu na kurudi, taratibu, bila kelele. Kusudi ni kuvuka kutoka sauti ya kifuani hadi ya kichwani pasipo kukatika. Palipo na mpasuko, mwanafunzi hukaa papo hapo siku nyingi, wala haruki.

Tatu ni kinywa. Sikio la binadamu ni jepesi zaidi kwa mitetemo ya karibu mara 3,000 kwa sekunde. Mwimbaji akivipanga vizuri koo na kinywa, sauti yake hung'aa pale pale, ikasikika kubwa kuliko nguvu aliyoitumia. Ukali na mkwaruzo huja mwisho kabisa. Melissa Cross, mwalimu wa New York, alitoa mafunzo ya video mwaka 2005 akionyesha namna ya kupiga ukelele pasipo kujiumiza.

Maji yanywewe, na koo likiuma, zoezi liishe siku hiyo. Sauti ikikwaruza kwa wiki tatu, tangawizi haitoshi tena; aonwe daktari.

Mwaka 2015 Bruce Dickinson, mwimbaji wa Iron Maiden, alitangazwa kuwa na saratani ya ulimi, maradhi ambayo hayakuletwa na kuimba. Alitibiwa kwa dawa na mionzi, na mwezi Mei madaktari wakasema imekwisha. Santuri mpya ilikuwa tayari na mashabiki walikuwa wakingoja, lakini ziara yao haikuanza mpaka Februari 2016. Ndipo akasimama jukwaani akaimba kule kule juu alikozoea. Kijana atakaye kupanda leo na kupaa kesho, na aikumbuke miezi hiyo ya kungoja.