Lukwata wa Ziwa Victoria: Ni Nani Hasa? (Sehemu ya Pili)

Waganda wa kando ya Ziwa Victoria wana habari za siku nyingi za lukwata, dubwana la majini linalosemekana kuandama mitumbwi na kupigana na mamba. Sir Harry Johnston, aliyekuwa kamishna wa Uingereza nchini Uganda, alimtaja katika kitabu chake cha mwaka 1902. Mwaka 1913 ofisa mwingine wa kikoloni, C. W. Hobley, akasimulia kisa cha Mwingereza Sir Clement Hill. Hill alikuwa akisafiri ziwani kwa boti, ghafla mnyama akaibuka na kutaka kumnyakua mtu aliyeketi omo. Hill alishikilia kuwa hakuwa mamba.

Kama si mamba, alikuwa nani?

Wapo wanaosema ni mtambaazi wa kale aliyesalia. Kwa watu wa kusini mwa Tanzania hoja hiyo si ngeni: mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913 na kusafirishwa kutoka Lindi hadi Berlin, ina umri wa miaka milioni 150 hivi. Tena yuko silikanti, samaki aliyedhaniwa kutoweka pamoja na dinosaria mpaka aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2003 akanaswa Songo Mnara, Kilwa. Kijana wa kusini ana haki ya kuuliza: ikiwa silikanti aliweza, lukwata ashindwe kwa nini?

Jibu limo chini ya ziwa. Watafiti waliotoboa tope lake walikuta, chini ya tabaka laini, udongo mgumu wa nchi kavu wenye vijizizi vya majani. Maana yake Ziwa Victoria lilikauka na kujaa upya miaka kama 15,000 tu iliyopita. Silikanti alikuwa na bahari isiyokauka na mapango ya kina kirefu ya kujistiri. Ziwa hili kina chake ni mita 80 hivi, na mtambaazi mwenye mapafu angelazimika kuibuka kuvuta pumzi mbele ya maelfu ya wavuvi.

Sangara naye anatajwa, kwa kuwa anaweza kufikia kilo 200. Lakini aliletwa ziwani miaka ya 1950, wakati Hill keshazikwa.

Wanabaki wanyama wenyeji wa ziwa. Kamongo hufikia mita mbili na huja juu kugugumia hewa. Chatu huogelea kichwa kikiwa nje ya maji. Fisi maji wakifuatana, mmoja akizama mwingine akiibuka, kwa mbali huonekana kama nyoka mmoja mwenye nundu nyingi. Hata baharini, katika pwani ya Msimbati huko kusini, nyangumi wanapopita kati ya Julai na Novemba, aliyeona mgongo tu hawezi kukisia urefu wa mnyama mzima, kwa sababu hakuna cha kumlinganisha naye.

Hata hivyo, fisi maji hanyakui mtu botini, wala kamongo. Kwa kisa cha Hill, mtuhumiwa wa kwanza bado ni yuleyule mamba aliyemkataa. Chatu anafuata kwa mbali.

Wiki ijayo tutahamia Ziwa Tanganyika. Hilo lina kina cha mita 1,470 na umri wa mamilioni ya miaka, hivyo hoja ya ukame haitatusaidia.